Imeboreshwa, mzee

Kuanzia leo mtu akiniambia kitu "kimeboreshwa", nashika mfuko wangu kwanza, salamu baadaye.

Mkate umeboreshwa, sasa hivi ukiushika kwa juu unakutana na vidole vyako vilivyoshika kwa chini. Sabuni ya kipande imeboreshwa, imechongwa kiuno katikati eti ikae vizuri mkononi. Kile kiuno kilikuwa sabuni yangu! Vifurushi vya intaneti vimeboreshwa, hivyo sitaki hata kuvizungumzia. Yote hayo nilinyamaza. Mimi ni mtu mzima, nina heshima yangu mtaani, na ni mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana, mwaka wa nne huu. Lakini juzi wameniboreshea muvi ya Total Recall, tena mbele ya mama mkwe. Hapo nimekataa.

Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Upasuaji ukaenda vizuri, vizuri kupita kiasi. Siku ya tano anaona mpaka vumbi la chini ya kabati, na akiliona hanyamazi. Nikasema mgeni huyu lazima nimtafutie kitu kingine cha kutazama, asije akarudi kwao na taarifa ya kabati.

Nikamwahidi Total Recall. Ile yenyewe, ya 1990, ya Arnold Schwarzenegger. Niliiona kwenye banda la video Temeke, shilingi hamsini, benchi la mbao lenye msumari mmoja ambao sote tuliujua, TV ya chogo, jenereta nje inakohoa. Arnold alipojiingiza kile chombo puani akavuta dude jekundu lenye ukubwa wa limao, banda zima tulishika pua. Kuna jamaa mbele yangu alilia, na alikuwa mpiga debe. Wiki nzima nikawa namsimulia mama mkwe habari za sayari ya Mars: udongo mwekundu, watu wanaishi ndani ya makuba ya vioo, hewa inauzwa. Na yeye kila jioni, "Baba Zawadi, ile sinema ya Mars lini?"

Basi nikaenda kwa kijana wa muvi. Mnawajua hao. Kibanda upana wake ni mlango, kompyuta haina ubavu mmoja, na feni imeelekezwa kwa kompyuta, siyo kwa mteja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka Total Recall."

"Ipo. Ya DJ au ya kawaida?"

"Ya kawaida. Anayeangalia ni mwalimu mstaafu, Kiingereza anakijua kuliko DJ wako."

Nikampa flashi. Akaichomeka, akaguna. "Imejaa hii, mzee. Nifute kitu. Hili faili la 'Msiba wa Mjomba' nifute?"

"Usiguse!"

"Na hili la 'Risiti za Kikundi'?"

Nikafikiri kidogo. "Hilo futa."

Akafuta. Nikamuuliza, "Ni ile ya Arnold?" Akasema, "Hii ni mpya mzee. Imeboreshwa."

"Ni ileile lakini?"

"Ileile. Stori moja, picha tu ndiyo kali."

"Ina Mars?"

Na hapa ndipo ningemshtukia, maana hakuniangalia usoni. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye kibodi. "Ina kila kitu, mzee wangu."

Jero yangu ikaenda.

Jioni nyumba ikajaa. Mama mkwe kochi kubwa, miwani myeusi ya hospitali ameipandisha kwenye paji la uso. Mke wangu. Watoto. Baba Musa wa jirani, aliyekuja kuazima nyundo akakaa. Nikazima taa ya sebuleni ili iwe kama ukumbi. Nikajikohoza. Nikatoa hotuba fupi.

Muvi ikaanza, akatokea kijana mmoja mwembamba mwenye nyusi.

"Huyu ndiye Arnold?" mama mkwe akauliza.

Alikuwa Colin Farrell, mwigizaji wa hii mpya. Nikasema, "Huyu ni kama mdogo wake."

Mvua. Jamani, ile muvi ina mvua! Inanyesha kama masika ya Korogwe, usiku, mataa, vibanda vimebebana ghorofani, watu wanabanana na miamvuli. Mama mkwe akaguna. "Kumbe Mars kuna mvua."

"Bado hawajafika, mama."

Kumbe wako Australia! Dunia imeharibiwa na vita vya kemikali, pamebaki Uingereza na Australia tu, na huyu bwana kila asubuhi anatoka Australia kwenda kazini Uingereza kwa lifti inayopita katikati ya dunia. Lifti! Wakifika kiini cha dunia uzito unapotea, halafu juu inakuwa chini. Na safari nzima ni dakika 17.

Baba Musa, ambaye anakaa huku kwetu Mbagala na kibarua chake kiko Tegeta, alisimama wima. "Dakika 17? Australia mpaka Uingereza? Mimi dakika 17 za kwanza bado nagombania mlango!" Akakaa. Akasimama tena. "Halafu huyu anakunja uso! Amekaa kiti chake, mkanda kafunga, hakuna kuku miguuni, anakunja uso!" Ilibidi apewe maji.

Mama mkwe yeye lililomsumbua ni lingine. "Huko chini wanakopita, si ndiko kuzimu? Wanapita kuzimu kwenda kazini?"

Mke wangu akasema, "Mama, na huyu mkweo si ndiyo kila siku."

Nikapuuza. Nilikuwa nasubiri Mars. Nilishaanza kujisogeza mbele kwenye kiti. Mtoto akauliza, "Baba, Mars iko wapi?" nikasema, "Bado hawajafika." Baba Musa akauliza, nikasema, "Bado hawajafika," kwa sauti ya kondakta aliyechukua nauli na gari limeharibika Chalinze.

Halafu Colin Farrell akawa anatembea mtaani usiku, akasimamishwa na dada mmoja. Na mimi, kwa sekunde moja kabla, nikakumbuka. Ile ya zamani ilikuwa na mwanamke mwenye matiti matatu. Nilikuwa nimesahau kabisa! Kwenye banda la video nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na hakukuwa na mkwe wa mtu yeyote. Nikaitafuta rimoti. Rimoti ilikuwa imekaliwa. Imekaliwa na nani? Na mama mkwe.

Dada akafungua nguo.

Naomba muelewe ile sebule. Taa imezimwa. Sauti ya feni. Mke wangu anatazama dari kama anahesabu mbao. Baba Musa ghafla anakumbuka nyundo. Mimi nimeganda nusu nimesimama, mkono mbele, kama mtu anayezuia mbwa. Na mama mkwe, taratibu, akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Akatazama. Akahamisha kiganja, akafunika la kushoto. Akatazama. Akashusha mkono.

"Baba Zawadi," akasema, "yule daktari aliniambia jicho limepona."

"Limepona, mama."

"Mbona naona matatu?"

Sasa mimi ningejibu nini? Kwenye ile ya 1990 jambo hili lina maelezo, mtu mwenye heshima anaweza kumweleza mkwe wake. Makuba ya Mars yalijengwa kwa bei rahisi, miale ikapenya, watu wakaharibika maumbile. Kuna jamaa tumboni ana kiumbe kama kichanga kinachoongea, na ndiye kiongozi wa waasi. Ni msiba wa maskini ule, siyo uchafu! Hii mpya Mars hakuna, makuba hakuna, miale hakuna, kichanga cha tumboni wamemtoa wakaweka mzee wa kawaida, lakini dada wa matatu yupo. Kwa sababu gani? Wamebomoa nyumba nzima wakaacha choo, tena mlango wazi.

Na bajeti inayotajwa ni dola milioni 125. Milioni 125 mmekosa udongo mwekundu? Wenzenu mwaka 1990 walikwenda kupigia Mexico, Mars ikapatikana. Mngekuja hata Singida, tungewapa udongo bure na mbuzi wa kuchoma!

Nilikuwa bado nimesimama pale na mkono wangu mbele, umeme ukakatika.

Tangu nizaliwe sijawahi kushukuru umeme kukatika. Siku ile nilisema alhamdulillahi kwa sauti, na mtaa mzima ukasikia.

Na hapo gizani nikakumbuka muvi nyingine iliyorudiwa, wacha niitaje kwa kuwa inaniuma. Kuna The Day the Earth Stood Still, ya 1951. Mgeni kutoka anga za mbali anatua Washington, anataka kuwaonya binadamu kwamba wakipeleka vita na mabomu yao huko juu watateketezwa. Ili wamwamini, anazima umeme dunia nzima. Magari yanasimama, treni zinasimama, wakubwa wanatokwa jasho. Kwa muda gani? Nusu saa! Tena mchana, na hospitali akaziacha, na ndege zilizoko angani akaziacha. Nusu saa yenye taarifa na ustaarabu namna ile wakaiita siku dunia iliposimama. Mtaani kwetu nusu saa tunasema umeme umecheza. Yule mgeni angetua hapa, angezima, angesubiri watu watetemeke, angekuta wanawasha mshumaa na kuendelea kumenya vitunguu. Mwaka 2008 wakairudia na Keanu Reeves, wakaona nusu saa haitoshi, na roboti wa yule mgeni wakamgeuza wingu la kumbikumbi wa chuma wanaotafuna malori. Bora wangeuliza kwanza. Huku kwetu kumbikumbi wanaliwa.

Basi tukiwa gizani mama mkwe akasema, "Haya, hiyo ya zamani ilikuwaje?"

Nikasimulia. Nilisimulia, jamani. Enzi za Lufufu, yule msimuliaji wa muvi kwa Kiswahili, nilikuwa nakaa benchi la mbele, sikwenda bure. Nikampa Arnold sauti yake. Nikampa dereva teksi wa plastiki anayeng'olewa kwenye kiti. Nikafika kwa bosi wa Mars, Cohaagen, anayeuza hewa, na watu wakimkera anafunga koki mtaa mzima wanaanza kuhema.

"Hewa wananunua?" mama mkwe akauliza.

"Wananunua, mama."

"Na makato?"

"Makato gani?"

"Ukinunua hewa ya elfu tano, unapata ya elfu tano? Hawakukati deni la nyuma?"

Nikasema nadhani wanakata. Akashusha pumzi ndefu gizani. Huyo mama hajawahi kuona Mars hata kwenye kalenda, lakini pale alishahamia.

Nikafika pale Arnold anapoingia Mars akiwa amejivika kichwa cha bandia cha mama mmoja mnene. Wa uhamiaji wanamuuliza utakaa muda gani, mama anasema wiki mbili. Wanamuuliza swali lingine, wiki mbili. Mashine imeharibika, wiki mbili, wiki mbiliii, mpaka kichwa kinapasuka vipande. Baba Musa akasema huyo ni fundi wake wa makochi. Ni kweli, namfahamu huyo fundi. Makochi yamekwenda kwake Zawadi akiwa darasa la tatu, sasa hivi yuko la tano, na jibu halijabadilika. Na fundi nguo je? Na huyu wa madirisha ya alumini, aliyechukua nusu ya pesa na kipimo...

Tusifike huko.

"Umeme huooo!" Watoto wakapiga kelele, friji likanguruma, na muvi ikaendelea ilipoishia, sebule nzima ikageuza shingo. Mama mkwe akatoa rimoti chini yake, tulivu kabisa, akazima. "Malizia ya kwako," akasema.

Kesho yake nikamfuata yule kijana. Nilikwenda na hasira zangu zimepigwa pasi. Nikamwambia, Hollywood hawana adabu, wanachukua kitu kizuri wanakiharibu, hawajawahi kurudia muvi ikawa nzuri. Akaniuliza taratibu, muvi gani ya kutisha mzee unaipenda kuliko zote? Nikasema bila kufikiri, The Thing. Ile ya barafuni, yenye mbwa. Ya 1982.

"Hiyo ni marudio, mzee. Ya kwanza ni ya 1951."

Nikanyamaza. Nikasema basi ile ya mtu anayegeuka nzi.

"The Fly ya 1986? Ya kwanza ni ya 1958."

Kijana ana miaka ishirini! Nani anawafundisha hawa? Nikahamia RoboCop maana hapo nilijua sitashindwa: ya 1987 askari mikono yote ni chuma, ya 2014 wamemwachia mkono mmoja wa nyama. Nikamuuliza, wa nini? Akasema, "Mzee, askari asipoachiwa mkono atapokelea nini?" Bodaboda wote pale nje wakacheka, na mimi nikacheka, na hasira yangu ikawa imeishia hapo, kwa hasara.

"Ya Arnold ninayo," akasema. "Ya 1990. Ila hii nayo wameiboresha. Picha tu, wameisafisha."

"Mars ipo?"

"Ipo."

"Niangalie usoni useme."

Akaniangalia. "Ipo, mzee. Lakini faili ni kubwa, na flashi imejaa. Nifute Msiba wa Mjomba?"

Nimeacha flashi pale mpaka nitafakari. Mjomba alikuwa mtu mwema, lakini picha ni mia nne na zote ni za sahani. Tatizo langu kubwa kwa sasa siyo hilo. Jumapili kuna kikao cha kikundi na katibu amenipigia simu mara mbili, wanataka kuona risiti. Nimemwambia wiki mbili.