Tyubu kwenye DAC: yenye kazi na ya kutazamwa

DAC ni kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa umeme wa analogia, na baadhi zina tyubu, yaani mrija wa glasi wenye ombwe unaoweza kukuza sauti kama transista. Tyubu ndani ya DAC haigeuzi dijitali kuwa analogia. Inafaa tuanzie hapo, maana matangazo mengi humwacha mnunuzi akiamini kinyume chake. Kugeuza ni kazi ya chipu: kama wimbo ni wa ubora wa CD, chipu hupokea namba 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, ikatoa umeme unaopanda na kushuka kwa kuzifuata namba hizo. Tyubu inakuja baadaye, kati ya chipu na soketi za RCA nyuma ya kasha, ikiwa amplifaya ndogo au bafa (saketi inayopitisha sauti bila kuikuza). Kwa hiyo anayeuliza anunue DAC ya tyubu au ya transista anauliza kuhusu hatua ya mwisho tu ya safari ya sauti. Swali ni halali kabisa, lakini kabla ya kulijibu lazima tujue kama hiyo tyubu ina kazi ya kufanya.

Chukua TDA1541A ya Philips, chipu ya biti 16 ya miaka ya 1980 ambayo hadi leo ina wapenzi wake. Hii haitoi volti, inatoa mkondo: miliampia 4 kutoka kilele hadi kilele. Mkondo huo lazima ugeuzwe kuwa volti, na njia rahisi ni kuupitisha kwenye rizista. Tatizo ni kwamba miguu ya kutolea ya chipu hii huvumilia milivolti 25 tu kila upande wa sifuri. Ukizidisha, upotoshaji unapanda. Rizista ya omu 10 itakupa milivolti 40 kilele hadi kilele, yaani kama milivolti 14 RMS (aina ya wastani), ilhali kiwango kilichozoeleka cha mashine ya CD ni volti 2. Unatakiwa kuikuza mara 140 hivi. Hapo tyubu ina kazi, tena nzito. Tyubu ya aina ya ECC83 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, ila kwenye saketi halisi hukuza mara 50 hadi 60. Mbunifu ama aweke hatua mbili, ama atangulize transfoma ya kukuza, ama aongeze ukubwa wa rizista na kukubali chipu ipotoshe kidogo. DAC mbili zenye TDA1541A zikitofautiana sana kwa sauti, uamuzi huu ni mmoja wa washukiwa wa kwanza.

Sasa chukua chipu ya kisasa kama AK4490 ya Asahi Kasei. Inatoa volti moja kwa moja, na ukipima kati ya miguu yake miwili ya upande mmoja unapata karibu volti 2 RMS bila kukuza chochote. Tyubu ikiwekwa hapo haina cha kukuza. Imewekwa ili ibadilishe ladha.

Ladha yenyewe ipo, si hadithi. Trayodi (tyubu ya elektrodi tatu) ikifanya kazi kwenye volti zake sahihi huongeza zaidi harmoniki ya pili, yaani sauti ileile oktava moja juu. Noti ya hezi 440 inapata kivuli cha hezi 880, na kwa kuwa ala zenyewe tayari zina hezi 880 ndani yake, sikio halikisikii kivuli hicho kama kasoro. Linasikia sauti iliyoshiba. Kivuli cha asilimia 0.1 kiko desibeli 60 chini ya sauti halisi, cha asilimia 1 kiko desibeli 40 chini. DAC nzuri za transista leo hushusha takataka zote hadi desibeli 110 au 120 chini, mbali kuliko sikio linavyoweza kufika muziki ukiwa unapigwa. Kwa vipimo, basi, transista imeshinda, na anayebisha hapo anapoteza muda. Mtetezi makini wa tyubu hadai usafi. Anadai kwamba kivuli kile kidogo kinampendeza, na hiyo ni hoja ya haki.

Ila kivuli hakiji peke yake. Saketi inayozalisha harmoniki ya pili huzalisha pia jumla na tofauti za noti zinazopigwa pamoja. Piga hezi 1000 na 1100 kwa wakati mmoja, utapata pia 100 na 2100, na hizo mbili huwa na nguvu ya desibeli 6 zaidi ya harmoniki yenyewe kama noti zilikuwa sawa. Hezi 100 hapo haihusiani na muziki wowote. Ndiyo sababu DAC ya tyubu inaweza kukupendeza sana kwa udi na mwimbaji mmoja, halafu bendi ya dansi yenye magita matatu, tarumbeta na tumba ikaingia na kila kitu kikawa kama kimepakwa uji. Ukienda kusikiliza kabla ya kununua, usikubali kupigiwa sauti ya mwanamke na gita peke yake. Omba wimbo uliojaa ala.

Kuna jambo lingine ambalo tyubu hupewa sifa isiyo yake. DAC nyingi za tyubu za bei ya juu, zikiwemo za Audio Note ya Uingereza zenye chipu AD1865 na Orchid ya MHDT ya Taiwani yenye TDA1541 na tyubu 5670, haziongezi sampuli, yaani namba za ziada za katikati, kabla ya kugeuza. Zinageuza namba kama zilivyo. (Mtindo huu huitwa NOS, non-oversampling, na tyubu za zamani ambazo hazijatumika huitwa NOS pia, new old stock, ukisoma tangazo hakikisha ni NOS ipi.) Kwa hesabu tu, kugeuza bila kuongeza sampuli hupunguza hezi 10,000 kwa desibeli 0.75 na hezi 20,000 kwa desibeli 3.2 ukipiga CD, isipokuwa mbunifu awe ameweka marekebisho. Ule ulaini wa juu ambao watu huuita sauti ya tyubu, sehemu yake kubwa ni huu. DAC ya NOS yenye transista tupu ingekupa ulaini huohuo. Na DAC ya BorderPatrol ya Marekani inatumia tyubu kwenye ugavi wa umeme tu, kunyoosha AC (umeme wa ukutani) kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja). Sauti haipiti ndani yake hata kidogo, lakini bado watu huitaja pamoja na DAC za tyubu.

Kwenye vifaa vya bei nafuu swali ni la msingi zaidi: je, tyubu inafanya kazi kweli? Tyubu za aina ya ECC82 au 6922 hutaka volti 90 hadi 250 kwenye anodi, bamba linalopokea elektroni. Kuna masanduku madogo yenye tyubu 6J1 yanayoendeshwa kwa adapta ya volti 12, anodi ikipata volti 20 au 30 hivi. Tyubu iliyonyimwa volti namna hiyo hupotosha mapema, na harmoniki ya tatu na zinazofuata hujitokeza, ambazo hazina utamu wa ile ya pili. Hata adapta si ushahidi kamili, kwa sababu baadhi ya saketi hupandisha volti ndani. Angalia kapasita kubwa (vikopo vya kuhifadhi chaji) zilizo karibu na tyubu: zikiandikwa 25V au 35V, volti za juu hazipo humo. Zikiandikwa 250V au 400V, kuna matumaini. Kisha zima taa za chumba na uwashe kifaa. Tyubu halisi huchukua sekunde 10 hadi 15 kuanza kuwaka, na mwanga wake ni mwembamba, unachungulia juu na chini ya kimrija cha katodi, sehemu inayopashwa moto. Mwanga wa rangi ya chungwa unaotoka chini ya soketi na kujaza glasi yote papo hapo ni LED.

Tyubu ikiwa inafanya kazi sawasawa, kinachobaki kuamua ni mambo mawili yasiyotangazwa. La kwanza ni impedansi ya kutoka, yaani ukinzani ambao sauti hukutana nao ikitoka kwenye DAC. ECC83 iliyounganishwa kwa kukuza tu, bila bafa, inaweza kutoa sauti kwa impedansi ya kilo-omu 40. Kebo ya RCA ya mita 5 yenye pikofaradi 100 kwa mita itaanza kukata sauti za juu kwenye hezi 8,000 hivi. 6922 iliyounganishwa kama bafa ya katodi huwa na mia kadhaa tu za omu, na kebo hiyohiyo haiigusi. La pili ni kapasita ya kutolea, ile inayozuia DC isifike kwenye amplifaya. Ya mikrofaradi 0.22, kama amplifaya ina kilo-omu 10 za kuingia, hukata besi kuanzia hezi 72. Ya mikrofaradi 1 huteremka hadi 16. Amplifaya nyingi ndogo za kisasa zina kilo-omu 10 hadi 20 tu, kwa hiyo mtu analalamika kwamba tyubu haina besi wakati kosa ni la kapasita ya bei ndogo.

Kapasita hiyo ndiyo pia hatari yenyewe. Ikivuja, DC inaingia kwenye amplifaya na pengine hadi kwenye spika. Pima RCA kwa multimita kwenye DC, DAC ikiwa imewaka dakika 5 bila muziki: iwe milivolti chache tu. Washa DAC kwanza, subiri dakika moja, ndipo uwashe amplifaya; kuzima ni kinyume chake. Ukifungua kasha, kumbuka kapasita za ndani hubaki na volti 200 hata baada ya kuchomoa plagi. Zitoe chaji kupitia rizista ya kilo-omu 10 ya wati 5, usizishoti kwa bisibisi, kisha upime tena.

Kubadilisha tyubu ni raha ambayo transista haina, na pia ndiko vifaa vingi vinakoharibika. ECC82 na 6922 zina miguu 9 na zinaingia soketi moja, lakini hita zao (nyuzi za kupasha katodi moto) hazifanani. 6922 hupokea volti 6.3 kati ya pini 4 na 5. ECC82 ina hita mbili zinazokutana kwenye pini 9, kwa hiyo soketi yake huweza kuwa na volti 12.6 kati ya 4 na 5, au 4 na 5 zikiwa zimeunganishwa na 6.3 hadi pini 9. Weka 6922 kwenye ya kwanza, hita inaungua. Kwenye ya pili haitawaka kabisa, kwa sababu pini 9 ya 6922 ni kinga tu. Badilisha ndani ya familia moja: ECC82 kwa 12AU7, 6922 kwa E88CC.

Umeme wa nyumbani nao una la kusema. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, hita isiyo na regyuleta (kidhibiti volti) inashuka kutoka 6.3 hadi 5.2, nje ya asilimia 5 au 10 ambazo watengenezaji huruhusu, na sauti inakonda. Kifaa kilichotoka Marekani cha volti 120 au Japani cha 100 kitaungua ukikichomeka moja kwa moja.

Kwa mtu mwenye chipu ya zamani inayotoa mkondo, DAC ya tyubu iliyobuniwa vizuri ni chaguo zito, na fedha inakwenda mahali panapoonekana. Kwa wengine wengi, DAC safi ya transista ikifuatiwa na prea (amplifaya ya awali) ya tyubu ni bora. Freya+ ya Schiit, kwa mfano, ina 6SN7 nne na hukuruhusu kuzipita au kuzitumia kwa rimoti, hivyo wimbo wa udi unapata tyubu na bendi inapata njia safi.

Ukilinganisha, sawazisha sauti kwanza. DAC nyingi za tyubu hutoa volti 2.5 au 3, na 3 dhidi ya 2 ni desibeli 3.5, inayopiga kwa nguvu huonekana nzuri kila mara. Piga toni ya hezi 200, pima AC kwenye RCA, punguza yenye nguvu hadi zitofautiane kwa chini ya asilimia 1, mfano 2.00 na 2.01. Tyubu iwe imepata moto dakika 20. Mwombe mtu akubadilishie bila kukwambia, mara 16, ukiandika kila jibu. Kwa kubahatisha tu mtu hupata 12 au zaidi chini ya mara 4 katika 100. Ukifika 12, unasikia tofauti ya kweli, na kinachobaki ni kama unaipenda.