Njia ya panya ikipita mlangoni kwako, unaifunga au unaiacha?

Ishu ya magari kukatisha mitaani ili yakwepe foleni ya barabara kuu huwa inaishia palepale kila ikiguswa, wenye nyumba wanataka matuta, wenye haraka wanasema barabara ni ya umma, kila mtu anaondoka amenuna. Mi naona pande zote mbili zina hoja na zote mbili zinaruka swali moja, lile la hayo magari yakitoka hapa yanaenda wapi.

Chukua mtaa wowote uliokaa katikati ya barabara kuu mbili. Saa moja na nusu asubuhi, taa za kuongozea magari hazisogezi watu, dereva mmoja anakata kona, wa nyuma anamfuata hata hajui jamaa anaelekea wapi, wa tatu simu yake imeshamwambia pinda kushoto utaokoa dakika nne. Huko ndani kuna mama anatoka getini kinyumenyume, nusu ya gari ishatokeza barabarani, honi, breki, anarudi ndani kusubiri yapite, yanapita kumi na moja na hakuna hata moja linalompisha. Na spidi yenyewe sio ya bahati mbaya, mtu aliyekatisha anaamini kuna dakika kaziokoa na hataki kuzirudisha, ndo maana anakimbia kwenye kinjia chembamba kuliko hata alivyokuwa anakimbia kule kwenye lami kubwa. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinakadiria gari la kilomita 32 kwa saa linahitaji mita 12 hivi kusimama, likiwa 48 linahitaji 23. Hizo mita 11 za katikati ndo mpira wa mtoto unapodundia.

Halafu kuna hasara isiyo ya ajali. Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana ila idadi ya magari, mmoja ulikuwa unapitisha kama 2,000 kwa siku na mwingine karibu 16,000. Wa mtaa mtulivu walikuwa na marafiki watatu kwa wastani palepale mtaani kwao, wa mtaa wenye fujo hawafiki hata mmoja. Mitaa mitatu ni michache bana, tusiigeuze msahafu, ila mtu aliyewahi kuishi pembeni ya kelele za magari anajua kiti huwa kinahamia uani na salamu zinapungua. (Appleyard mwenyewe alikufa 1982 huko Athens, kagongwa na gari lililokuwa linakimbia.)

Sasa upande wa dereva, na hapa tusimfanye shetani maana wengi wetu tunaolalamika mtaani kwetu ndo haohao tunakatisha mtaa wa wenzetu, mi mwenyewe nimo. Hoja yake ni kwamba barabara imejengwa kwa kodi ya wote, hakuna mtaa uliopewa hati ya kimya. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, ulikuwa umechoka na magari yanayokimbilia daraja la George Washington la kuingilia New York, Januari 2018 ukafungia wasio wakazi mitaa kama 60 saa za foleni, mwenyeji akapewa kibandiko cha njano, mgeni akikamatwa faini dola 200. Mwaka huohuo mahakama ikatengua. Nadhani ilikuwa sawa, kwa sababu ule mpango haukupunguza njia, ulichagua watu, mwenye kibandiko angeweza kukatisha atakavyo huku fundi anayekuja kazini anaanza kujieleza.

Matuta nayo ndo yanadaiwa kwanza kila mahali na mi siyapendi kama jibu la hili tatizo. Yanashusha spidi, kweli, lakini kama foleni ya nje ni dakika kumi na tano na matuta sita yanakula dakika moja, dereva atapita tu, tena sasa anapunguza, anapanda, anakanyaga mafuta, anapunguza tena, chini ya dirisha lako hadi usiku. Na ambulensi inayapanda yaleyale ikiwa na mgonjwa ndani.

Kinachokata mzizi ni kuziba upitaji bila kuziba ufikaji. Yaani kila nyumba inafikika kwa gari, ila huwezi kuingia upande huu ukatokea ule, katikati kuna vigingi au mabeseni makubwa ya maua, baiskeli na watembea kwa miguu wanapita. Groningen kule Uholanzi walifanya hivyo 1977 katikati ya mji mzima, wakaigawa sehemu nne, ukitaka kutoka moja kwenda nyingine kwa gari sharti urudi kwenye barabara ya kuzunguka. Wenye maduka walipiga kelele sana, na mpango ukabaki.

Ila sasa lile swali. Barabara kuu nayo ina watu, tena mara nyingi ndo wale wa kodi nafuu, vyumba vya juu ya maduka, madirisha yanatazama moshi. Ukiniambia mtaa wenye miti umetulia kwa kumsukumia yeye magari 300 zaidi, hapo umehamisha taka umeziweka kwa jirani. London walipoweka mipango mingi ya aina hii kuanzia 2020 hii ndo ilikuwa kelele kubwa kuliko zote, na uchambuzi wa mipango 46 uliotoka 2023 ulikuta ndani ya mitaa magari yameshuka sana na kwenye barabara za pembezoni wastani haujasogea hata kwa asilimia moja. Watetezi wanaishia hapo, wakati wastani umeficha kwamba karibu nusu ya hizo barabara zilipungua na zilizobaki ziliongezeka. Kama wewe uko kwenye iliyoongezeka, wastani haukusaidii kufunga dirisha.

Kwa nini yasihamie yote? Kwa sababu safari nyingine zilikuwepo kwa kuwa njia ilikuwepo, ikizibwa mtu anatoka mapema, anaunganisha shughuli mbili safari moja, au anatembea. Tena kuna kitu Dietrich Braess alikionyesha kwa hesabu 1968, kwamba kuongeza njia kwenye mtandao kunaweza kumchelewesha kila mtu, maana kila mmoja akifukuzia njia fupi wanakutana wote penye kibano. Wale wanaokatisha mtaani huwa wanarudi kuingia barabara kuu mbele kidogo, wanajipenyeza, na kila anayejipenyeza anawasimamisha waliovumilia foleni.

Pingamizi linaloniuma kweli ni la kigingi cha kufuli. Nyumba inaungua, gari la zimamoto limefika, askari anashika rundo la funguo anajaribu moja baada ya nyingine. Huo sio utani, na mtu mwenye ulemavu anayetegemea gari naye hawezi kuambiwa azunguke dakika ishirini aone ni mazoezi. Penye njia ya dharura iwekwe kamera badala ya chuma, na namba za gari za wenye hitaji ziruhusiwe.

Mi nipo upande wa kuziba, ila iwe eneo zima kwa mpigo, sio mtaa wa mwenye sauti kubwa halafu wa pili unaamka kesho una msururu. Na isihukumiwe wiki ya pili, wakati ramani za simu bado zinawaleta watu kwenye kigingi wanageuza gari wanatukana. Ningeanza na mabeseni ya maua kwa sababu yanabebeka, na wiki kabla hayajashushwa kuna mtu amekaa pale barabara kuu, chini ya yale madirisha, na daftari anahesabu.