Tiketi ya Kampuni Moja, Rubani wa Nyingine

Tulikuwa tukingoja ndege ya Nairobi katika uwanja wa ndege wa Manda, hapa Lamu, nayo imechelewa, abiria mwenzangu alipogundua kwamba jina lililo kwenye tiketi yake silo lililochorwa ubavuni mwa ndege iliyokuwa ikitua. Aliuliza, akaelezwa kwamba kampuni iliyomuuzia tiketi ina makubaliano na kampuni nyingine, akaridhika. "Mradi tufike," alisema, na waliokuwa karibu wakamuunga mkono. Mzee mmoja akaongeza kwamba marubani ndio wanaolalamika kuliko watu wote nchini ilhali mishahara yao ni minono, na kwamba wakati wa mgomo wa Kenya Airways wa Novemba 2022 walistahili kufutwa wote na nafasi zao kupewa wengine wa kukodiwa. Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, lakini maneno yale yameniudhi hadi leo, na nayajibu hapa kwa kuwa nimekwisha kuyasikia Mkunguni, Mokowe na hata Malindi kutoka kwa watu wengine wengi.

Nakubali kwamba mgomo ule uliwaumiza maelfu ya wasafiri wasio na kosa, na kwamba rubani ana kipato ambacho mvuvi wa Kizingitini hawezi kukiota. Hilo halibadilishi swali lililo mbele yetu, ambalo ni nani mwenye haki ya kuifanya kazi ambayo kampuni imeiuza kwa jina lake.

Mkataba wa rubani una vifungu vingi: mshahara, saa za mapumziko, matibabu, likizo, akiba ya uzeeni. Vyote hivyo vinategemea jambo moja, kwamba kuna safari za kurusha. Kampuni inaweza kutimiza kila neno la mkataba huo na bado ikawamaliza marubani wake, kwa kuzihamisha safari zenyewe kidogo kidogo, leo njia moja na mwakani njia nyingine. Inaweza kuanzisha kampuni tanzu yenye leseni yake na marubani wake, kama Kenya Airways ilivyoanzisha Jambojet, iliyoanza safari Aprili 2014 na ambayo leo inatuhudumia Lamu na Malindi. Simlaumu yeyote kwa hilo, nautaja tu mpangilio ulivyo. Inaweza kukodi ndege ya kampuni nyingine pamoja na marubani, mafundi na bima ya mwenye ndege. Au inaweza kuweka namba yake ya safari juu ya ndege ya mshirika na kuuza viti humo. Kwa njia zote tatu abiria anaona jina lile lile alilolizoea, lakini rubani aliyejiunga na jina hilo hayumo ndani ya ndege. Kwa sababu hiyo naamini kwamba kifungu kinachosema ni nani atakayezirusha safari za kampuni ndicho kinachovipa uhai vifungu vingine vyote, na chama cha marubani kinachokubali kukiacha ili kiongezewe mshahara kimeuza mzizi kikabaki na majani.

Watu husema kwamba rubani aliyepoteza kazi aende akatafute kwingine, kwani ana ujuzi. Hapa ndipo wengi hawaelewi jinsi kazi hii ilivyo. Katika mashirika mengi, kila kitu cha rubani huamuliwa na nafasi yake katika orodha ya ukongwe, yaani muda aliotumikia kampuni: ndege atakayorusha, kituo atakachokaa, siku za kupumzika, lini atapanda kutoka rubani msaidizi hadi kapteni, na nani ataondoka kwanza kazi ikipungua. Orodha hiyo ni ya kampuni moja tu. Fundi seremala akihama kutoka karakana moja hadi nyingine huenda na mikono yake na sifa zake, lakini kapteni mwenye umri wa miaka 50 akihamia kampuni nyingine mara nyingi huanzia mkiani, nyuma ya vijana aliowafundisha yeye. Isitoshe, idhini yake ya kurusha imefungwa kwenye aina ya ndege, na idhini ya aina nyingine ni gharama kubwa ambayo mtu binafsi haimudu kwa urahisi. Mtu wa namna hiyo hana soko la kukimbilia, na kampuni inalijua hilo vizuri inapokaa naye mezani.

Namjua kijana wa mtaani kwetu ambaye wazee wake waliuza shamba la minazi ili asomee urubani. Leo anarusha ndege kwa kupitia wakala, kwa mkataba mfupi unaofufuliwa kila ukiisha, na kampuni ambayo amevaa sare yake husema haimtambui kuwa mfanyakazi wake. Mama yake aliniambia kwamba mwanawe akiugua huogopa kusema, kwa kuwa asiporuka halipwi. Sihitaji hoja nyingine ya kunifanya nilitazame jambo hili kwa uzito, maana mtu huyo huyo ndiye aliyekabidhiwa roho za watu.

Marekani walikwisha kuupitia mjadala huu. Mikataba ya marubani wa mashirika makubwa huko inaweka mpaka wa ndege ambazo kampuni ndogo zinaweza kuzirusha kwa jina la shirika kubwa: kwa kawaida viti visizidi 76, na uzito wa kuruka usizidi takriban tani 39. Chini ya mpaka huo kazi nyingi zilikwenda kwa kampuni za malipo madogo. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Dash 8-400, aina hiyo hiyo inayotua Manda, ilianguka karibu na Buffalo ikaua watu 50. Safari iliuzwa kwa jina la shirika kubwa la Continental, lakini iliyokuwa ikiirusha ni kampuni ndogo ya Colgan Air. Ndege haikuwa na hitilafu; wachunguzi waliona kwamba kapteni alifanya kinyume cha alichopaswa kufanya ndege ilipotoa onyo la kupoteza kasi. Lakini walieleza pia kwamba rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka pwani ya magharibi ili afike kazini, na kwamba kapteni alikuwa amelala katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi uwanjani. Familia za marehemu hazikuchoka hadi sheria ikapita mwaka 2010, na baadaye rubani msaidizi naye akatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka. Sidai kwamba mshahara mdogo ndio ulioiangusha ndege ile. Nasema kwamba abiria walinunua jina moja wakapewa utaratibu mwingine wa kazi, na hakuna aliyewaambia.

Sisi watu wa bahari tunapaswa kuyaelewa haya kabla ya wengine. Meli zimeandikishwa kwa miongo mingi katika nchi ambazo mwenye meli hajawahi kukanyaga, ili mabaharia walipwe kidogo. Tarehe 17 Machi 2022 kampuni ya P&O Ferries ya Uingereza iliwafukuza mabaharia karibu 800 kwa ujumbe wa video, ikaweka watu wa wakala mahali pao siku hiyo hiyo. Nchini Australia, shirika la ndege la Qantas liliwatoa wahudumu wa ardhini wapatao 1,700 mwaka 2020 na kuwapa wakandarasi kazi yao, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua mwaka 2023 kwamba lilivunja sheria. Ushindi ulikuja baada ya miaka mitatu, kazi zikiwa zimekwisha kwenda.

Na sisi tuna nini? Katiba, kifungu cha 41, inatupa haki ya kutendewa haki kazini, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Hayo ni malipo ya kumzika aliyekwisha kufa. Uingereza ina kanuni tangu mwaka 1981 zinazomhamisha mfanyakazi pamoja na kazi yake, kazi hiyo inapopewa mwajiri mwingine, na masharti yake yakabaki yale yale. Sheria yetu ya ajira haina kifungu cha namna hiyo, kwa hiyo kinga ya rubani wa Kenya ni ile tu ambayo chama chake, KALPA, kitaweza kuipigania katika mkataba wa pamoja.

Nitaambiwa kwamba bila ushirikiano wa kampuni, mji kama wetu usingekuwa na ndege nyingi, na kwamba Malindi yenye njia fupi ya kurukia haiwezi kuhudumiwa na ndege kubwa. Ni kweli, nami sitaki safari zipungue. Ndiyo maana sidai kwamba ushirikiano upigwe marufuku. Nataka mkataba utaje ni safari zipi zinaweza kutolewa nje na kwa muda gani, useme kwamba ndege ya kukodi itumike kuziba pengo na wala si kuliumba, na useme kwamba njia ikihamia kampuni tanzu, marubani wahame nayo wakiwa na ukongwe wao. Bunge nalo lipitishe kanuni ya kumhamisha mfanyakazi pamoja na kazi yake, kwa sekta zote, maana vibarua wa bandari na wauguzi wanaihitaji vilevile. Kwa upande wetu abiria, tunaponunua tiketi ya Desemba au ya Maulidi, tuulize kabla ya kulipa ni kampuni gani itakayoirusha ndege hiyo na ni nani aliyewaajiri marubani wake, na tusilipe mpaka tujibiwe.