Banjo, Makaa ya Mawe na Kilio cha Kentucky

Nimechoka na filimbi. Sina ugomvi na filimbi yenyewe, nagombana na bendi za metali, yaani muziki mzito wa gitaa za umeme, zinazoichomeka mwanzoni mwa wimbo, zikaisahau, kisha zikajinadi kuwa zinapiga muziki wa asili. Ulaya zimejaa tele. Jalada lina msitu na ukungu, na ndani hamna mtu, hamna kijiji, hamna kisa. Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi na bleki metali iliyochanganywa na nyimbo za wenyeji, namtuma kwenye albamu moja tu: Kentucky ya Panopticon, iliyotoka 2012.

Panopticon inaitwa bendi, lakini kwa kweli ni mtu mmoja, Austin Lunn, aliyeianzisha huko Louisville, Kentucky, nchini Marekani. Ngoma, gitaa, besi, banjo na mayowe, karibu vyote ni vyake. Kampuni kubwa za muziki hazimo katika habari hii. Kazi zake hutolewa na lebo (kampuni za kutoa muziki) ndogo ndogo, zile ambazo mwenye lebo ndiye pia anayefunga vifurushi na kuvipeleka posta.

Kwa asiyeujua muziki huu: bleki metali tunayoijua leo ilipata umbo lake Norway miaka ya mwanzo ya 1990. Nyuzi za gitaa huchapwa kwa kasi mpaka noti zinayeyukiana, ngoma hazipumui, na mwimbaji hupiga ukelele badala ya kuimba. Kuna tawi lake linalojali hali kuliko ukali, lenye nyimbo za dakika kumi na zaidi zinazozunguka sauti zilezile hadi msikilizaji anasahau ameketi wapi. Sifa mbaya nayo ipo. Mwaka 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa moto, na mengine yakafuata. Baadaye wakaingia na wabaguzi, wakazitumia nyimbo za mababu kusifia damu yao na kuwachukia wageni. Lunn alisimama upande wa pili kabisa; albamu zake za mwanzo zimejaa siasa za kuwatetea wanyonge na kuwapinga watawala.

Basi alipoamua kuimba kuhusu jimbo lake hakwenda kutafuta mashujaa wenye mapanga. Alikwenda kwa wachimbaji wa makaa ya mawe.

Kaunti ya Harlan, mashariki mwa Kentucky, ina historia ambayo hata Wamarekani wengi hawaijui vizuri. Mwaka 1931 kampuni za makaa zilikata mishahara, wachimbaji wakajiunga na chama cha wafanyakazi, wakafukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba za kampuni. Tarehe 5 Mei mwaka huo risasi zililia katika mji mdogo wa Evarts, na kwa hesabu rasmi watu wanne wakafa. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, J. H. Blair, alikuwa upande wa matajiri wa migodi. Watu wake walivamia nyumba ya mwanachama mmoja wa chama, Sam Reece, wasimkute. Mkewe, Florence, alikuwa ndani na watoto. Walipoondoka, alichana karatasi ya kalenda ukutani akaandika wimbo, akiutilia tuni ya kanisani, akiwauliza watu wa Harlan wako upande gani: wa chama au wa Blair. Katikati haachi nafasi ya kusimama.

Wimbo huo, "Which Side Are You On?", umo kwenye albamu. Umo pia wimbo wa Sarah Ogan Gunning, mwanamke aliyezaliwa na kuolewa katika familia za wachimbaji, na "Black Waters" wa Jean Ritchie, unaolia kwa ajili ya mito iliyochafuliwa na machimbo. Wanawake watatu wa milimani, katikati ya muziki ambao kwa kawaida ni wa wanaume tu, wenye nywele ndefu. Hilo peke yake lilinifanya niisikilize tena.

Nyimbo hizi si pambo, na maana yangu ni hii. Lawama kubwa ya watu kwa bleki metali ni kwamba maneno hayasikiki, na ni lawama ya haki. Ukipigiwa ukelele kwa dakika kumi huwezi kujua kama mtu anamlilia mwanawe au anatukana serikali. Lunn anaupita ukuta huo kwa kuupanga mzigo sawasawa. Nyimbo za kale zinabeba maneno: zinataja njaa, chama, kampuni, maji meusi. Halafu "Black Soot and Red Blood" inapoanza, na ndani yake sauti za wazee wakisimulia ya migodini, tayari unajua kinacholiliwa. Sasa ukelele hauhitaji tafsiri. Ni kama msiba wa kwetu: mtu mmoja anaeleza marehemu alivyokufa, kisha wanawake wanaangua kilio, na hakuna anayeuliza wanalia nini.

Jambo jingine ni banjo. Wengi huiona kama ala ya Wazungu wa milimani waliovaa ovaroli. Ukweli ni kwamba waliounda banjo za kwanza ni Waafrika waliotiwa utumwani huko Karibi na Amerika, wakikumbuka ala za Afrika Magharibi. Mojawapo ya jamaa zake wa karibu ni akonting, ya Wajola wa Senegal na Gambia. Kwa hiyo mtu akikwambia metali yenye banjo haina lolote la Mwafrika, mwache aongee. (Na akisema Waafrika hawapigi metali, mpe jina la bendi ya Duma wa Nairobi, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma ni wakali kuliko Panopticon, tena kwa mbali.)

Siyo kwamba albamu haina kasoro. Ngoma zimerekodiwa kama ziko chumba cha pili, na Lunn anapoimba kawaida, bila kupiga ukelele, sauti yake ni ya mtu wa kawaida tu. Hilo la pili kwangu ni faida. Wimbo wa mgomo ukiimbwa kwa sauti tamu mno naanza kuutilia shaka.

Ukishaipenda Kentucky utakutana na mashabiki watakaokwambia kazi yake kubwa zaidi ni The Scars of Man on the Once Nameless Wilderness ya 2018, karibu saa mbili nzima. Ni nzuri, sibishi. Lakini humo metali imewekwa nusu ya kwanza, na banjo na gitaa kavu nusu ya pili. Nikiisikiliza, mara nyingi naishia kuchagua nusu moja kulingana na siku ilivyokwenda. Kwenye Kentucky sina uhuru huo. Nikiruka wimbo wa Gunning, ule unaofuata unabaki kelele tu.