Nairobi–New York: Saa 7, 15 au 22?

Jamani, tiketi za ndege zitatuua kwa presha! Imeandikwa unatoka Nairobi 23:25, unatua New York 06:25. Mtu anahesabu vidole: saa saba tu? Anabeba pakiti moja ya biskuti. Kumbe kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji wake. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo saba zako ongeza nane: saa 15, magoti yakiwa kidevuni. Na hiyo nane usiikariri. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, wakazirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katikati hapo tofauti ni 7. Sisi wa ikweta tumetulia zetu, lakini hesabu tunafanyishwa.

Halafu kuna wajuaji wa kikokotoo. "Kilomita 11,830, ndege inakwenda 900 kwa saa, gawanya: 13." Na upepo umeugawanya kwa ngapi, bwana? Huko juu kuna upepo unaovuma kutoka magharibi, na majira ya baridi kupita kilomita 160 kwa saa kwake si ajabu. Kwenda unaupokea kifuani. Kurudi unakusukuma mgongoni, ndiyo maana kurudi ni kama saa 14. Tena tiketi huhesabu tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa, pamoja na kule kujikokota JFK, uwanja wa New York, kwenye foleni kama matatu za jioni.

Mwingine kaweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari ukapita Mali. Sasa anaona skrini inaonyesha Morocco, anamshuku rubani! Chukua tufe la dunia, vuta uzi ukaze toka Nairobi hadi New York: nusu ya safari inaangukia karibu na Marrakech. Njia ya rula ni ndefu zaidi kwa kilomita kama 350, na mafuta yake nani atalipa?

Hata kuondoka usiku kuna faida yake. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na joto la mchana huipunguza nguvu zaidi. Ndege iliyoshiba mafuta hunyanyuka vizuri penye baridi.

Balaa lenyewe ni kurudi. New York Ijumaa 12:30, Nairobi 10:30. Kwenye karatasi ni saa 22! Toa zile nane, zinabaki 14. Pembeni ya 10:30 kuna +1, imeandikwa kwa herufi za sisimizi, maana yake Jumamosi. Ukituma nyumbani picha ya tiketi bila kuizungushia kalamu, shemeji atakuwa uwanjani Ijumaa saa nne na nusu asubuhi, na gari la kukodi linahesabu. Atakupigia simu saa nane na nusu za usiku wa huko, uko kitandani, akuulize umetokea mlango gani.