Mkulima Akitoa Fedha Yake, Apewe na Haki ya Kuuliza

Jani la ngano lenye kutu halitiwi kwenye mfuko wa plastiki. Likitiwa humo hutoa jasho na kuoza, na lile vumbi lililoganda juu yake, ambalo ndilo mbegu ya ugonjwa wenyewe, linaharibika kabla ya kufika maabara. Linawekwa kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ya kawaida tu, juu yake panaandikwa aina ya ngano, mahali lilipochumwa na tarehe, kisha linapelekwa posta. Wakulima wa Australia wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi. Mtu anapita shambani asubuhi, anaona madoa kwenye majani, anachuma machache na kuyatuma Chuo Kikuu cha Sydney. Huko wataalamu wanaiambukiza kutu hiyo kwenye miche ya ngano za aina mbalimbali, waone ipi inashambuliwa na ipi inakataa, na kwa njia hiyo wanaitambua kutu ni ya ukoo gani. Aliyetuma hadaiwi kitu. Ameshalipa, siku alipouza mavuno yake.

Bahasha hiyo imenishawishi kuhusu tozo ya utafiti kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mkulima wa Australia anapouza ngano, shayiri, mtama, dengu au kanola, zao la mbegu za mafuta, mnunuzi anakata tozo kwenye malipo yake. Sehemu inayokwenda kwenye utafiti, kwa mazao mengi, ni asilimia 0.99 ya thamani ya mzigo. Katika kila magunia 100, hapo hajatoa hata gunia moja kamili. Serikali nayo inaongeza fedha zake, lakini haivuki nusu asilimia ya thamani ya mazao yote yaliyozalishwa. Mwaka wa neema fungu linanona, mwaka wa ukame linakonda, na mkulima aliyekosa mavuno hakuna anayemdai. Fedha zote zinaingia kwenye shirika moja, Grains Research and Development Corporation, ambalo wengi wanaliita GRDC tu, lililoanzishwa mwaka 1990. Shirika hili halina maabara yake. Kazi yake ni kuchagua swali la kutafutiwa majibu, kisha kumlipa anayeweza kuyatafuta. Na kwenye jopo za kanda zinazolishauri, wanakaa wakulima wanaolima kweli.

Kwa nini kila mkulima asijifanyie utafiti wake? Kwa sababu akitumia miaka mitano na fedha zake kugundua siku bora ya kupanda, jirani atachungulia ng'ambo ya ua na kupanda siku hiyo hiyo bila kutoa hata senti. Simlaumu jirani, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini kila mtu akisubiri kuchungulia, hakuna wa kuchunguliwa. Historia inamkumbuka mmoja aliyeweza peke yake, John Bennet Lawes wa Uingereza, aliyeanzisha majaribio ya ngano kwenye shamba la Broadbalk, Rothamsted, mwaka 1843. Mpaka leo ngano inapandwa pale. Ila Lawes alikuwa na kiwanda cha mbolea cha kumgharimia. Wengine wote wanahitaji kuchangishana.

Watu wengi wanaitetea tozo kwa kusema inaongeza fedha za utafiti. Ni kweli, lakini naona hilo ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba inabadilisha anayeuliza. Kampuni inatafiti kile kinachoweza kufungashwa na kuuzwa: mbegu, mbolea, dawa. Ni haki yake, ndiyo biashara yake. Lakini mambo mengi yanayoamua mavuno hayafungiki kwenye mfuko. Nani atakuuzia siku ya kupanda? Nani atakuuzia uamuzi wa kung'oa magugu wakati shamba halina zao lolote, au wa kupanda kanola mwaka huu ili ngano ya mwaka kesho isioze mizizi? Mambo kama haya hayana wa kuyagharimia isipokuwa yule anayenufaika nayo, yaani mkulima mwenyewe.

Chukua maji ya ardhini. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Australia Kusini, French na Schultz, walitoa kipimo ambacho wakulima wa kule walikitumia kwa miaka mingi: ukishaondoa maji yanayopotea hewani, ngano nzuri inaweza kutoa kilo 20 za nafaka kwa hekta kwa kila milimita ya maji iliyobaki. Kisha mwaka 2007 John Kirkegaard na wenzake wakachapisha kilichotokea kwenye jaribio lao la shambani. Waliangalia maji yaliyojificha chini kabisa, kwenye kina cha kuanzia mita 1.35 hadi 1.85, ambayo mizizi huyafikia mwishoni, ngano ikishachanua. Milimita 10.5 tu za maji hayo ziliongeza tani 0.62 kwa hekta, yaani kilo 59 kwa kila milimita, karibu mara tatu ya kipimo cha zamani. Ukilifikiria utaona sababu: wakati huo bua limeshajengwa na majani yameshajengwa, kwa hiyo tone linalopanda linakwenda moja kwa moja kujaza punje.

Sasa maji hayo ya chini yanatoka wapi? Ni ya mvua iliyonyesha kabla ya msimu, shamba likiwa tupu. Magugu yakiachwa yastawi wakati huo, yanayanywa yote, na mkulima hataona dalili yoyote mpaka ngano inyauke miezi kadhaa baadaye ikiwa na punje nusu. Zamani wengi waliyaachia magugu ya kiangazi wakisema ni chakula cha kondoo. Takwimu za maji zilipotembezwa kutoka shamba hadi shamba, tabia hiyo ikaanza kubadilika. Hapakuwa na bidhaa mpya, ila kazi iliyofanywa miezi kadhaa mapema.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ray Harrington, mkulima wa Darkan, Australia Magharibi. Mashamba ya ngano ya huko yamevamiwa na gugu moja la jamii ya nyasi ambalo tangu miaka ya 1980 limekuwa likizoea dawa moja baada ya nyingine, mpaka kuna mashamba ambayo dawa karibu zote za kawaida hazilifanyi kitu. Tabia yake mbaya ni kwamba linakomaa pamoja na ngano. Siku ya kuvuna, mbegu zake nyingi bado ziko juu ya bua, kombaini inazimeza, inatenganisha nafaka na makapi, kisha inamwaga makapi nyuma pamoja na mbegu za gugu. Mashine ya kuvuna inakuwa mashine ya kupanda magugu, tena kwa ustadi, maana inayasambaza shamba zima sawasawa.

Harrington akajiuliza: mbegu zimeshakusanywa, zimo ndani ya mashine, kwa nini tunazitoa zikiwa hai? Akachukua wazo la kinu kinachotumika migodini kupondea mawe na makaa, chenye vizimba viwili vya chuma vinavyozunguka kinyume, akalijaribu kwa makapi. Toleo la mwanzo lilikuwa zito, lina injini yake na linakokotwa nyuma ya kombaini. GRDC ikaingiza fedha za wakulima, Chuo Kikuu cha Australia Magharibi kikafanya vipimo, na mwaka 2012 yakachapishwa matokeo kwamba kinu kile kinaua asilimia 95 ya mbegu za lile gugu zinazopita ndani yake. Baadaye Chuo Kikuu cha Australia Kusini kikasaidia kukifanya kidogo kiingie ndani ya kombaini yenyewe.

Fikiria wazo hili lingeanzia wapi kama si kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kombaini akitazama vumbi likimwagika nyuma. Mtaalamu wa dawa angetafuta dawa mpya. Mtaalamu wa mbegu angetafuta ngano inayovumilia dawa. Mkulima aliliona kama tatizo la makapi. Na kwa kuwa kulikuwa na mfuko ambao wakulima wenzake wana sauti ndani yake, wazo halikufia kwenye karakana yake.

Canada nako kuna somo, na hili ni la nidhamu. Huko wakulima wa nyanda za magharibi wana taasisi yao, Western Grains Research Foundation, ya mwaka 1981, na mwaka 1993 wakaanza kukatwa kwenye ngano na shayiri ili kugharimia utafiti wa mbegu. Moja ya kazi zilizosaidiwa ni ngano inayostahimili kijinzi fulani ambacho funza wake hula punje changa. Ustahimilivu huo unategemea jeni moja tu, yaani chembe moja ya urithi. Jeni moja ni kufuli yenye ufunguo mmoja: wadudu wachache watakaoipita watazaana, na baada ya miaka kadhaa kazi yote imekwisha. Kwa hiyo ngano hizo, zilipoanza kuuzwa mwaka 2010, ziliuzwa zikiwa zimechanganywa na asilimia 10 ya ngano inayoliwa, makusudi kabisa, ili wadudu wa kawaida wasitoweke na wale sugu wasibaki peke yao. Mkulima anaponunua anatia saini kwamba hatatunza mbegu na kuirudia msimu baada ya msimu, maana uwiano ule unavurugika. Mwambie mtu apande ngano ambayo unajua italiwa, halafu akubali! Naamini ni rahisi zaidi kukubali anapojua kwamba kinachochoka ni mali aliyoichangia mwenyewe.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kupata msema kweli. Niliwahi kununua mbegu kwa kusifiwa na wakala. Msimu ulipofika katikati upepo ulivuma usiku mmoja, na asubuhi shamba lilikuwa limelala kama mkeka. Mbegu ile ilikuwa na mavuno mengi kweli, kwenye karatasi, ila bua lake lilikuwa dhaifu, na hilo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniambia. Majaribio ya kulinganisha mbegu, kama yale yanayogharimiwa na wakulima wa Australia tangu 2005, au orodha ya mbegu zinazopendekezwa inayotolewa Uingereza kwa fedha za tozo, yanaziweka mbegu za kampuni zote kwenye shamba moja, siku moja, mbolea moja. Anayepima hauzi mbegu yoyote.

Lakini tozo si ya kushangiliwa popote ilipo. Uingereza mwaka 2021 wakulima wa viazi walipiga kura kama waendelee kukatwa, na asilimia 66.4 wakasema hapana. Wa mboga, matunda na maua nao walikataa, kwa asilimia 61. Tozo zao zikafutwa. Nimesoma watu wakiwaita wakulima hao wafinyu wa mawazo. Sikubaliani nao. Mtu anayekatwa kila mwaka bila kuona bahasha yake inajibiwa ana haki ya kuuliza fedha inakwenda wapi, na kura ni njia ya heshima ya kuuliza. Naona kila tozo ingekuwa na kura kila baada ya miaka michache, sheria iliyoandikwa, na hesabu zinazosomeka na mtu asiye mhasibu. Pasipo hayo, ni kodi tu iliyovaa koti jeupe la maabara.

Na kuna wasioguswa kabisa na utaratibu huu, jambo linalonisumbua zaidi. Tozo inakatwa nafaka inapouzwa. Anayelima ili ale na familia yake hauzi, kwa hiyo hakatwi, na kwa kuwa hakatwi swali lake haliko kwenye orodha ya mtu yeyote. Nafaka inayolisha watu wengi nyumbani lakini haipiti sokoni inaweza kubaki bila mtafiti hata mmoja anayelipwa na tozo. Hapo fedha za umma haziepukiki. Na hata pale penye tozo, serikali isiichukulie kama kisingizio cha kupunguza mchango wake, maana mkulima atauliza swali la msimu ujao kwa urahisi, lakini la miaka 30 ijayo linahitaji mwenye subira ya taifa.

Nilihudhuria siku moja maonyesho ya shambani kwenye majaribio ya ngano yaliyolipiwa na michango ya wakulima wenyewe. Vipande vilikuwa vimepangwa kwa kamba, kila aina imerudiwa mara nne mahali tofauti ili rutuba ya kona moja isimpe mmoja ushindi wa bure. Mtafiti kijana alikuwa anaeleza kwa nini mistari ya pembeni hukatwa na kutupwa kabla ya kupima: mimea ya ukingoni hainyang'anywi mwanga, hunenepa isivyo haki. Watu wakaitikia. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni, akasema, "Kijana wangu, hapa mmepanda siku ya tatu baada ya mvua. Mimi trekta la kukodi linanifikia wiki ya tatu. Katika hizi zote, ipi ni yangu?"

"Mzee, hilo hatukulipima," kijana akajibu, akafungua daftari.

Msimu uliofuata kulikuwa na safu mpya ya vipande upande wa chini, vyenye vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, vilivyopandwa wiki tatu baada ya vingine. Ngano iliyoongoza mwaka uliotangulia ilishika nafasi ya nne pale.