Laptopu za kugeuza zinabebeshwa kosa lisilo lao

Mtu akiuliza anunue laptopu gani nyepesi ya kugeuza, ile ambayo kioo kinazunguka nyuzi 360 mpaka kinalala mgongoni, jibu analopewa karibu kila mara ni hili: achana nazo, ule ni urembo tu, hinji (bawaba za kioo) zinakufa mapema, na kama unataka tableti si ukanunue tableti. Jibu hilo lina ukweli wake, sikatai. Ila linawanyima mashine watu ambao ingewafaa kuliko wote, yaani mwalimu anayesahihisha kazi kwenye PDF, mwanafunzi wa hesabu au kemia ambaye notisi zake huwezi kuzitaipu, fundi sanifu wa saiti anayetaka kuandika juu ya mchoro palepale.

Tuanze na uzito maana ndio hoja inayotangulia. Chukua Lenovo mbili za 2018 ambazo leo unazikuta mtumba, zote inchi 14. ThinkPad X1 Carbon, ya kawaida, inaanzia kilo 1.13, na X1 Yoga kizazi cha 3, inayogeuka, inaanzia kilo 1.4. Tofauti ni gramu 270 na watu wanaitaja kama vile kesi imeisha hapo. Mi hiyo namba siiachii kirahisi. Gramu hizo zimeenda kwenye kioo cha tachi, kwenye hinji zenye nguvu ya kushikilia kioo pembe yoyote, kwenye peni inayochomekwa ndani ya bodi na kujichaji humohumo, na kwenye kibodi ambayo ukiigeuza mashine vitufe vinazama na kujifunga, kwa hiyo ukiilaza mezani huku umeigeuza huna wasiwasi wa vitufe kusagika. Hivyo ni vitu unavyovitumia kila siku, sio mapambo.

Halafu nenda HP mwaka huohuo uone mambo yanavyobadilika. EliteBook 830 G5 isiyogeuka inaanzia kilo 1.33, EliteBook x360 1030 G3 inayogeuka inaanzia kilo 1.25, na zote ni inchi 13.3. Inayogeuka ndio nyepesi! Kwa hiyo kusema kugeuka kunaleta uzito sio kweli, inategemea kampuni imeamua kubana wapi. Na hapa wapinzani wangekuwa na hoja kali zaidi kama wangeacha kupima mizani wakafungua mfuniko wa chini, maana 830 G5 ina nafasi mbili za ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), unaenda kwa fundi unaongeza ukitaka, wakati kwenye 1030 G3 ramu imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Hilo ndilo gharama yenyewe. Ila X1 Carbon nayo, ile wanayokushauri uchukue, ramu yake imechomelewa vilevile, kwa hiyo kosa ni la wembamba sio la kugeuka. Dawa yake ni usichukue yenye GB 8 hata ukipunguziwa bei vipi, chukua GB 16 tangu mwanzo au subiri mzigo mwingine uingie.

Kwenye "kanunue tableti" nawapa haki yao nusu. iPad ya inchi 9.7 ya 2018 ilikuwa gramu 469, sasa ukishika kilo 1.25 kwa mkono mmoja huku umelala kitandani unasoma, dakika chache tu mkono unaomba msamaha. Kama kazi yako ni kusoma umejilaza na kuangalia video, usinunue laptopu ya kugeuza. Lakini nani alisema ishikwe mkononi? Mashine hizi kazi yake ni mezani, imelazwa ukiandika, au imesimama kama hema kwenye meza nyembamba ambapo kibodi ingekula nafasi yote.

Kingine ambacho sioni kikisemwa ni kurasa. Kioo cha inchi 14 cha umbo la 16:9 (upande mrefu sehemu 16, mfupi 9) kina urefu wa kama sentimita 31 na upana wa 17 na kidogo. Karatasi ya A4 ni 29.7 kwa 21. Ukikisimamisha wima, ukurasa mzima wa mwanafunzi unaingia, juu mpaka chini na pambizo zake, kwa karibu asilimia 83 ya ukubwa wake halisi, unasahihisha kwa peni, unaandika pembeni "onyesha njia", unahamia ukurasa unaofuata. Kwenye laptopu ya kawaida unauona nusu nusu, unapandisha unashusha, na maoni unayaweka kwa kubofya bofya vidirisha. Anayesahihisha rundo la kazi anajua hiyo tofauti ni usiku mzima.

Hinji sasa. Mara nyingi kinachovunjika sio hinji yenyewe, ni plastiki iliyoshika skrubu zake, na laptopu za bei ndogo za kawaida nazo zinapasuka hapohapo. Za bodi ya alumini zinavumilia zaidi. Jina baya limeletwa pia na zile ndogo zilizotengenezewa mashule ya nje, HP ProBook x360 11 EE, Lenovo 300e na wenzao, ambazo mtumba wake ni rahisi na kweli zinageuka, ila nyingi zina prosesa dhaifu za Celeron au Pentium na ramu GB 4, halafu ni inchi 11.6 na bado zinakaribia kilo moja na nusu. Anayenunua hiyo akachoka nayo anatangaza kwamba laptopu za kugeuza hazifai.

Surface Pro ya Microsoft ni habari nyingine, ile ya kuchomoa kibodi. Pro 7 ni gramu 775 bila kibodi, nzuri sana mkononi, ila ukiiweka mapajani inayumba kwa ule mguu wake wa nyuma, na iFixit, tovuti inayofungua vifaa kupima vinavyotengenezeka, waliipa alama 1 kati ya 10 kwenye urahisi wa kutengeneza. Betri ikichoka uombe Mungu fundi wako awe mtulivu.

Lipo jambo moja dhidi ya za kugeuza ambalo sina majibu nalo: kioo. Tachi na kioo vimegandishwa pamoja, ukipasua kimoja unanunua vyote, na juani vingi vinang'aa mpaka unajiona mwenyewe badala ya kazi. Anayefanya kazi nje muda wote achukue ya kawaida yenye kioo kisichong'aa, hapo hamna ubishi.

Kama umeamua, anzia prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu, maana Windows 11 haizikubali rasmi za chini ya hapo na Windows 10 ilikatiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo HP x360 1030 G2 (iliyotangulia G3) na X1 Yoga za vizazi viwili vya kwanza ziache hata zikionekana mpya. Dukani igeuze taratibu mpaka mwisho uangalie plastiki za kona kama zinaachana. Andika powercfg /batteryreport kwenye ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt), kwenye X1 Yoga ya kizazi cha 3 betri mpya ni 54 Wh, ukikuta imebaki 30 hiyo ni ya kuomba punguzo au ya kuiacha. Na chora mistari mirefu ya mshazari kwa peni, kona hadi kona, ukiona inakatika au inatetemeka tachi ina shida. Peni haziingiliani hovyo, ya kampuni hii inaweza isiandike kabisa kwenye ile, kwa hiyo kama mashine haina peni na muuzaji hataki uje na inayolingana uijaribu kwanza, hela yako ipeleke kwenye X1 Carbon.